Kovu si Kidonda: Haja ya Kukunjua Moyo Baada ya Machungu

Wahenga walinena kwamba yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Methali hii nimeisikia tangu utotoni. Imetamkwa mimbarini, majukwaani, katika mabaraza ya machifu na hata katika hafla za kuwakaribisha wanafunzi wapya chuoni. Kila inapotamkwa, wasikilizaji hutikisa vichwa kwa kukubali na mjadala hufungwa papo hapo. Kwa heshima na taadhima zote kwa wahenga wetu, naomba ruhusa ya kuufungua tena. Ndwele ni ugonjwa. Anayetuambia kwamba yaliyopita si ndwele anashikilia kuwa yaliyopita hayaumi tena. Je, ikiwa bado yanauma? Ikiwa mtu mzima hushtuka usingizini kwa kusikia kishindo cha jiwe kwenye paa la bati, miaka mingi baada ya mawe yale ya kwanza, tutasemaje kwamba ndwele haipo?

Makala haya ni maoni yangu mintarafu ya majeraha ya moyo katika mji wetu wa Eldoret na viunga vyake. Hoja yangu ni moja. Kupona si kusahau. Kovu hubaki, lakini kovu si kidonda. Aliyepona hatambuliwi kwa kukosa kumbukumbu, bali kwa kuwa moyo wake uliokuwa umekunjika umeanza kukunjuka, akaweza kuruhusu jambo jipya limfikie. Aidha, naamini kwamba sisi tunaosoma na kufundisha Kiswahili tuna wajibu katika uponyaji huo, wajibu ambao kufikia sasa tumewaachia wanasiasa na viongozi wa dini peke yao.

Kidonda Chenyewe

Wengi wa wanafunzi watakaosoma makala haya walikuwa wachanga, au hawakuwa wamezaliwa, wakati wa uchaguzi mkuu wa tarehe 27 Desemba 2007. Si vibaya basi tukikumbushana. Matokeo ya urais yalipotangazwa tarehe 30 Desemba, ghasia zilizuka katika sehemu nyingi za nchi, na Uasin Gishu ikawa miongoni mwa sehemu zilizoathirika vibaya zaidi. Tarehe 1 Januari 2008, kanisa la Kenya Assemblies of God huko Kiambaa, nje kidogo ya mji wa Eldoret, lilichomwa moto likiwa na watu waliokimbilia humo kutafuta hifadhi, wengi wao wanawake na watoto. Tume ya Jaji Philip Waki iliyochunguza ghasia hizo iliripoti kwamba watu 1,133 waliuawa kote nchini, zaidi ya thuluthi moja yao kwa risasi. Malaki ya watu walihama makwao.

Waliokuwa kanisani Kiambaa walikuwa Wakikuyu. Hata hivyo, machozi ya msimu ule hayakuwa ya kabila moja. Lucas Sang, Mkalenjin aliyeiwakilisha Kenya katika mbio za kupokezana vijiti kwenye Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1988, aliuawa papa hapa Eldoret mkesha wa mwaka mpya. Mwishoni mwa Januari, huko Naivasha, nyumba ilichomwa na watu 19 wakateketea ndani yake. Hao walikuwa Waluo. Ukichimba zaidi utakuta kidonda kingine chini ya hiki. Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, aliuawa na Waingereza mwezi Oktoba 1905. Muda mfupi baadaye uwanda huu ukagawiwa walowezi, wakiwemo Makaburu waliowasili kutoka Afrika Kusini mwaka 1908. Jina la Sitini na Nne ambalo wazee bado huuita mji huu lilitokana na nambari ya shamba la kilowezi. Uhuru ulipopatikana, mashamba mengi yaliuzwa kwa waliokuwa na fedha za kununua, na waliokumbuka kwamba babu zao walichunga mifugo pale walijiona wamepokonywa mara ya pili. Kila upande una simulizi yake ya kuumizwa, na kila upande huianza simulizi hiyo mahali panapoufaa.

Mimi sina budi kukiri kwamba siandiki haya kama mtazamaji. Nilizaliwa karibu na Eldoret, na mwezi Januari 2008 nilikuwa na umri wa miaka mitano. Ninachokumbuka ni kidogo: kubebwa gizani, harufu ya moshi, kisha hema katika uwanja wa maonyesho ya kilimo mjini, ambako tulilala kwa wiki kadhaa pamoja na maelfu ya wengine. Mengine nimesimuliwa na mama, naye husimulia kwa nadra. Usiku ule tulipoondoka, jirani mmoja, mama tuliyekuwa tukiazimana naye chumvi, alibisha mlango na kusema, "Mama, ondokeni sasa hivi." Hakusema zaidi. Mpaka leo mama hajui kama jirani yule alikuja kutuokoa au alitumwa kututoa. Mwezi Mei mwaka ule serikali ilipoanzisha Operesheni Rudi Nyumbani, mama alikataa kurudi. Tukahamia kwa jamaa zake Nyandarua, na jina la Eldoret likawa halitajwi mezani.

Kuogopa Ung'ongo

Ipo methali nyingine ambayo husahauliwa na wanaopenda kuturuhusu tugange yajayo tu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ung'ongo ni ukuti mwembamba wa kusukia mikeka na vikapu. Hauna sumu wala meno. Ila kwa aliyewahi kuumwa, jicho huona nyoka kabla akili haijapata nafasi ya kuona ukuti. Sijapata maelezo mafupi na sahihi zaidi kuhusu kiwewe. Jeraha la moyo huumiza siku linapotokea, na baada ya siku hiyo humnyima mtu uwezo wa kutofautisha hatari na nafasi.

Hasara hiyo ya pili haihesabiwi na tume yoyote. Ni kijana anayeambiwa asioe upande fulani. Ni mfanyabiashara anayekataa kununua ploti mahali ambapo biashara yake ingestawi. Ni familia zinazofunga virago na kusafiri "kwenda kuwaona wazazi" kila unapofika mwaka wa uchaguzi, hata mwaka kama 2022 ambapo mji ulitulia. Ni pia mzee wa Kikalenjin asiyetaka kumkodishia mgeni shamba kwa kuogopa kwamba mkataba wa leo utakuwa madai ya kesho. Watu hawa wote wana sababu, na siwacheki. Ninachosema ni kwamba nyoka wa 2008 ameondoka lakini bado anawaamulia mambo.

Nilipopata nafasi ya kusomea Kiswahili katika chuo cha huku, mama alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu akaniambia, "Mwanangu, nenda ukasome, lakini usiwaambie ulikozaliwa." Nilitii. Kwa miaka miwili nilikaa na mwenzangu wa chumbani, kijana wa Kinandi, mkarimu na mcheshi, bila kumwambia kwamba mimi ni mzaliwa wa kilomita chache kutoka kwao. Tulikula pamoja, tukasomeana mashairi, tukakopeshana nauli. Urafiki ule ulikuwa na chumba kimoja kilichofungwa, nami ndiye niliyekuwa na ufunguo.

Somo la Sarufi

Maadamu tu wanafunzi wa lugha, tuiulize lugha yenyewe. Husemwa kwamba mtu mwema ana moyo mkunjufu. Neno hili linatokana na kitenzi kunjua, nacho ni kauli ya kutendua ya kunja. Kwa hivyo katika Kiswahili wema wa moyo si moyo ambao haujawahi kukunjwa. Ni moyo uliokunjwa ukakunjuliwa. Nguo iliyokunjuliwa hubaki na alama za mikunjo, nayo huvalika.

Tutazame pia vitenzi viwili ambavyo majukwaani huchanganywa kana kwamba ni kimoja: kusamehe na kuridhiana. Kusamehe kunaweza kufanywa na mtu mmoja, chumbani mwake, hata kama aliyemkosea amekwisha kufa. Lakini maridhiano yamebeba kiambishi cha kutendana. Ridhia huzaa ridhiana, na ridhiana huzaa maridhiano. Hakuna awezaye kuridhiana peke yake, kama vile hakuna awezaye kupigana au kuoana peke yake. Aidha, katika mzizi uo huo limo neno ridhaa. Anayemlazimisha mjane asimame mbele ya kamera na kumkumbatia aliyemchomea nyumba ametoa picha nzuri ya gazeti, lakini pasipo ridhaa hapana maridhiano.

Kwa mtazamo wangu, kosa letu kubwa tangu Mkataba wa Kitaifa wa tarehe 28 Februari 2008 limekuwa kudhani kwamba viongozi wakiridhiana, wananchi wamekwisha kuridhiana kwa niaba. Mahasimu wa jana wamegeuka washirika wa leo, kisha mahasimu tena, na kila mara wananchi wametakiwa wafuate. Moyo hauna mwakilishi bungeni.

Yaliyofanyika Mashinani

Upo mfano bora zaidi, nao ni wa papa hapa. Marehemu Cornelius Korir, Askofu wa Jimbo Katoliki la Eldoret aliyefariki tarehe 30 Oktoba 2017, alifungua uwanja wa kanisa kuu la mji kwa maelfu ya waliofurushwa mwaka 2008. Mwaka 2009 alichapisha kijitabu alichokiita Amani Mashinani, kilichoeleza jinsi yeye na wenzake walivyowapatanisha majirani waliopigana katika eneo hili tangu miaka ya tisini. Njia yao ilikuwa ya polepole. Walianza na mazungumzo ya watu wachache. Kila jamii ilipewa kwanza nafasi ya kukutana peke yake na kutoa ya moyoni bila kumwogopa mwingine. Baadaye ndipo pande mbili zilipokaa pamoja, zikasikilizana, zikala pamoja. Hatimaye zilitafutiwa kazi ya pamoja yenye manufaa kwa wote, kwa kuwa wanaotumia barabara moja au shule moja hupata sababu ya kusalimiana kila siku.

Naomba msomaji atambue mpangilio huo. Kulia kulitangulia kula, na kula kukatangulia kujenga. Wengi wetu hutaka kuanza na kujenga. Tunataka miradi, michezo ya kirafiki na tamasha za amani, huku tukiruka hatua ile ya kwanza ambayo haina picha nzuri: mtu kusema kilichomuuma mbele ya mtu anayemsikiliza.

Fasihi yetu nayo imeigusa njia hii. Wengi wetu tulisoma Chozi la Heri, riwaya ya Assumpta K. Matei iliyochapishwa mwaka 2014 na kutahiniwa katika kidato cha nne. Darasani tulizoea kutaja maudhui ya ukabila na ukimbizi ili tupate alama, tukaenda zetu. Niliporudi kuisoma nikiwa hapa, nilivutwa na Mwangeka, kijana anayerejea kutoka ng'ambo na kukuta mke na mtoto wake wameangamia katika moto uliowashwa na majirani. Mwandishi hamponyi kwa kumsahaulisha. Anamwacha aomboleze, asite, aogope kupenda tena, kisha anamkutanisha na Apondi, mjane ambaye naye ana msiba wake. Ndoa yao haifuti marehemu yeyote, na inapata nafasi hata ya kumlea Umulkheri, mtoto wasiomzaa. Hapo ndipo niliona kwamba uwezekano mpya hauji kuchukua mahali pa kilichopotea. Huja kukaa kando yake.

Pingamizi Mbili

Natambua kwamba wapo watakaonipinga, na pingamizi zao si za kupuuzwa. Kundi la kwanza litasema kwamba kuzungumzia haya ni kuchokonoa kidonda. Jibu langu ni kwamba kuna tofauti kati ya kuchokonoa na kusafisha. Anayechokonoa hutaka damu itoke. Aghalabu huwa ni mtu anayetafuta kura. Anayesafisha huomba idhini kwanza, hunawa mikono, na hukoma mgonjwa anaposema basi. Kidonda kisichosafishwa hugeuka donda ndugu. Vilevile, si kila mtu huponywa kwa kusema. Wapo wanaoponywa na sala, kazi, shamba au mbio za alfajiri katika barabara za udongo mwekundu. Nao waachwe na njia yao.

Kundi la pili lina hoja nzito zaidi. Litauliza: je, unawataka walioumizwa wakunjue mioyo kabla ya kupata haki? Kesi za The Hague zilifikia kikomo bila yeyote kupatikana na hatia kwa yaliyotokea: moja iliondolewa Desemba 2014, nyingine ikakatizwa Aprili 2016. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliwasilisha ripoti yake Mei 2013, na mapendekezo yake mengi hayakutekelezwa. Tarehe 26 Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi kwa niaba ya serikali na kutangaza mfuko wa shilingi bilioni 10 kwa waathiriwa, lakini miaka ikapita waathiriwa wakiendelea kuulizia fedha hizo. Nakubali yote haya. Kupona kwa moyo si badala ya haki, na yeyote anayewahubiria waathiriwa uponyaji ili wanyamaze kuhusu fidia anawaumiza mara ya pili. Hata hivyo siwezi kumshauri mama yangu asubiri mahakama ndipo alale usingizi. Haki anadaiwa na serikali. Usingizi ni wake, na ana haki ya kuutafuta leo huku akiendelea kudai kesho.

Wajibu Wetu

Tutafanya nini basi sisi wa Kiswahili? Kwanza, tukiri kwamba lugha yetu haina mikono safi. Neno madoadoa ni neno la kawaida katika ngeli ya LI-YA, lakini katika Bonde la Ufa limewahi kuwa amri ya kuwaondoa watu. Mwezi Januari 2022 mwanasiasa mmoja alilitamka katika mkutano wa hadhara papa hapa Eldoret, akakamatwa. Aprili mwaka uo huo Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ikaliorodhesha miongoni mwa maneno ya chuki, pamoja na kwekwe na mende. Somo letu la semantiki lisiishie kwenye mifano ya vitabuni ilhali maneno yanaua nje ya lango. Mtu akiitwa doa, anayemwondoa hujiona anasafisha.

Pili, tuwasaidie watu kuutaja uchungu wao. Istilahi tunazo: kiwewe, sonona, msongo wa mawazo, ushauri nasaha. Lakini mama anayeuza mboga sokoni hasemi kwamba ana sonona. Husema kwamba anafikiria sana, kwamba moyo unamwenda mbio, kwamba mwili umekuwa mzito. Wataalamu wa afya ya akili katika hospitali za mji huu huwahudumia watu wa lugha nyingi, na aghalabu Kiswahili ndicho kinachowakutanisha na wagonjwa wao. Mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu angeweza kukusanya misemo hiyo na kuwaonyesha wataalamu namna watu wanavyousema uchungu wao wenyewe. Kazi hiyo ingekuwa na faida kuliko tasnifu ya hamsini kuhusu tamathali za usemi katika diwani ile ile.

Tatu, tukusanye simulizi za 2008 kabla wasimulizi hawajatuacha, kutoka kila upande, kwa ridhaa yao na kwa kuficha majina ya wasiotaka kutajwa. Kiswahili kinafaa kazi hii kwa kuwa huku si lugha ya mama ya mshtaki wala ya mshtakiwa. Wote wawili hukijia kutoka nje, wakakutana katikati.

Tamati

Mwaka jana mwenzangu wa chumbani alinialika kwao wakati wa likizo fupi. Bibi yake, ambaye kwao humwita kogo, alinimiminia mursik kutoka kwenye kibuyu na kuniuliza nilizaliwa wapi. Nilikuwa na jibu langu la siku zote tayari ulimini. Sijui kilichonipata, nikamwambia ukweli. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema kwa Kiswahili chake cha taratibu, "Basi wewe ni mtoto wa hapa. Tulijua mlienda, hatukujua mlifika." Akaniongezea maziwa. Hakuomba msamaha, nami sikumdai. Sijui familia ile ilifanya nini au haikufanya nini mwaka 2008. Nilijua tu kwamba chumba kile kimoja kilikuwa kimefunguka, na kwamba rafiki yangu alikuwa akinitazama kana kwamba ndiyo kwanza tunajuana.

Nilipofika nyumbani nilimsimulia mama. Nilitarajia akasirike. Aliendelea kuchambua maharagwe mpaka ungo ukaisha, ndipo akasema, "Yule jirani, kama bado yu hai, ningependa kumuuliza swali moja." Kwa miaka yote hiyo mama hakuwahi kutaka kumuuliza mtu wa Eldoret lolote. Hajasema kwamba amesamehe. Hajasema kwamba atakuja kwenye mahafali yangu. Ila anayetaka kuuliza anakubali kwamba huenda jibu likawa tofauti na lile aliloliogopa.

Yaliyopita basi yana ndwele yake, na ndwele hiyo ina waganga. Mmoja wao ni msikilizaji mwema. Ndugu msomaji, huenda yuko mtu katika bweni lako, katika ukumbi wako wa mihadhara, au ofisi ya pili kutoka yako, ambaye kwa miaka miwili amekuwa akisubiri kuulizwa alikozaliwa na mtu atakayetulia kusikia jibu. Muulize, na akichagua kunyamaza, mheshimu.